Unene Huingia kwa Mlango wa Desturi



Kila Ramadhani inapokaribia, na kila mwaka mpya unapoanza, twawasikia watu wengi wa mitaa yetu ya Upanga na Kariakoo wakiapa kwamba safari hii watapunguza mwili. Mmoja huacha wali kwa siku tisa. Wa pili hununua viatu vya kukimbilia, akakimbia Jumamosi mbili. Wa tatu hunywa maji ya ndimu asubuhi, kisha mchana akala sahani mbili za pilau, akidhani ya kuwa ndimu itamlipia deni. Mwezi haujesha, wote watatu wamerudi pale pale walipokuwa, na juu ya uzito wamejiongezea fedheha ya kushindwa.

Sisi hatuoni kwamba watu hawa walikosa nia. Nia walikuwa nayo, na wengine walikuwa nayo ya kupita kiasi. Walichokosa ni kujua unene wao ulipita mlango gani. Uzito wa mwili hauji kwa karamu moja, hata utoke kwa kiapo kimoja. Huingia kidogo kidogo kwa mlango wa desturi: kijiko cha sukari, kijiko cha mafuta, hatua mia mbili ambazo zamani zilitembewa na leo hazitembewi. Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba. Basi kibaba kilichojaa kwa haba na haba, kwa haba na haba hupunguzwa. Hilo ndilo tutakalo kulieleza mwezi huu, nasi twalieleza kwa nyumba nzima, si kwa yule mmoja aliye mnene ndani ya nyumba.

Mji wetu na miili yetu

Yako mambo yaliyopimwa hapa hapa kwetu, wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Wataalamu waliwafuata watu zaidi ya 200 waliokuwa wakihama vijiji vya Morogoro kuja kukaa Dar es Salaam. Wakawapima kabla hawajaondoka kwao, kisha wakawapima tena walipokwisha kukaa mjini. Khabari zao zilichapishwa 2010. Kwa muda wa mwaka mmoja tu, wanaume kwa wanawake, walikuwa wameongezeka kilo mbili na zaidi kwa wastani. Kijijini, wanaume karibu wanane katika kila kumi walikuwa wakifanya kazi za nguvu. Mjini walibaki kiasi cha robo yao wote.

Msomaji na aizingatie khabari hii. Watu wale hawakugeuka kuwa walafi kwa mwaka mmoja. Walihama mahali, na mahali papya pakawapa desturi mpya. Jembe liliachwa, kazi ya kukaa ikashikwa, na safari ya miguu ikawa safari ya gari. Mwili ukaandika hesabu yake kimya kimya.

Hesabu hiyo imeonekana kwingine pia. Katika kliniki za wajawazito za mji huu wa Dar es Salaam, wanawake wenye unene wa kupindukia walikuwa asilimia 3.6 mwaka 1995. Ilipofika 2004 walikuwa asilimia 9.1. Katika Tanzania nzima, uchunguzi wa afya wa 2004–05 ulikuta wanawake wenye uzito uliozidi ni asilimia 18 ya walio na umri wa miaka 15 hadi 49. Ule wa 2015–16 ukakuta asilimia 28. Na nyuma ya uzito hufuata maradhi. Daktari Donald McLarty na wenzake walipopima watu wazima wa vijiji vya Tanzania katika miaka ya 1980, waliwakuta wenye kisukari hawafiki hata mmoja katika kila mia. Miaka ya 1990, vipimo vilivyofanywa mjini Dar es Salaam vilikuta karibu sita katika kila mia, ilhali katika kijiji cha Kilimanjaro kilichopimwa wakati huo huo hawakufika wawili.

Sisi wa Upanga tunayo hospitali kubwa ya nchi hii mlangoni petu. Muhimbili ilifunguliwa 1956 kwa jina la Princess Margaret, na leo katika uwanja wake imo pia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Watu hutoka mikoa ya mbali kuifikia, nasi twayaona mapaa yake madirishani mwetu. Walakini ukaribu wa hospitali haumkingi mtu na ugonjwa. Nyumba za zamani zenye ua zinaondoka, maghorofa yenye lifti yanapanda. Gari hulala mlangoni, bajaji huitwa kwa simu, na chakula cha kukaanga huletwa kwa pikipiki mpaka kizingitini. Siku nzima ya mtu wa mtaa wetu yaweza kupita asitembee hatua elfu mbili, wala asijue kuwa hakutembea.

Tena nyumba nyingi za Upanga ni za ndugu zetu wenye asili ya Bara Hindi. Wao yawapasa tahadhari ya ziada, kwa sababu Shirika la Afya Duniani lilitangaza 2004 kwamba kwa watu wa asili ya Asia hatari ya kisukari na ya moyo huanza kwenye uzito ulio mdogo kuliko ule unaowatia khofu watu wengine. Mtu aweza kuwa na mikono myembamba na uso mwembamba, na maradhi yakawa yamejificha katika kitambi chake kidogo.

Sifa inayodhuru na dhihaka inayodhuru

Kwetu pwani, unene ulikuwa sifa. Bibi arusi akinenepa baada ya harusi, watu husema mume anamtunza. Kijana aliyetoka bara akiota kitambi, huambiwa mji umemkubali. Neno lenyewe ni zuri: amenawiri. Kisha ukaja Ukimwi katika miaka ya 1980, na Uganda maradhi yale yakapewa jina la wembamba. Tangu hapo mtu aliyepungua mwili aliangaliwa kwa jicho la shaka, na wengi wakaogopa kupungua kuliko walivyoogopa kisukari. Hata leo, mwanamke akipungua kilo tano kwa juhudi yake mwenyewe, jirani wa kwanza kumwona humwuliza anaumwa nini.

Vijana wa leo nao wameingia upande wa pili. Wao humdhihaki mnene, wakamwita bonge mbele ya watu, wakampiga picha na kuirusha katika simu. Sifa ile humfanya mtu asione hatari, na dhihaka hii humfanya ajifiche na kula gizani. Hatukupata kuona mtu aliyeponywa kwa kuchekwa. Na dini yetu imekataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Katazo hilo halikumwacha nje mtu mnene.

Katika jambo hili Uislamu umeshika njia ya katikati. Mwili ni amana, nayo amana haiharibiwi kwa kushiba wala haiharibiwi kwa kujitesa. Mwenyezi Mungu ametuhalalishia vizuri tule na tunywe, akatukataza kupita kiasi. Naye Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwanaadamu yamtosha matonge machache ya kumwezesha kusimama; na kama hana budi kuzidisha, basi theluthi moja ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi iachiwe pumzi. Mafundisho haya twayasikia mimbarini, twatikisa vichwa, kisha twatoka kwenda kwenye walima. Jambo gumu ni kuyapeleka jikoni.

Hesabu ya kikombe cha chai

Tuanze na kitu kilicho katika kila nyumba. Mtu anywaye chai mara tatu kwa siku, na kila kikombe akatia vijiko vitatu vya sukari, amekula vijiko tisa. Hivyo ni gramu 36 hivi. Chupa moja ya soda ya mililita 350 nayo ina sukari kama hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni bora mtu mzima asizidishe gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita, pamoja na ile iliyofichwa katika maandazi, biskuti na maji ya matunda ya pakiti. Basi mtu wetu amekwisha kupita mpaka kabla hajala kaimati hata moja.

Sasa na tuiweke soda hiyo juu ya barabara. Kutoka Muhimbili mpaka sokoni Kariakoo ni kama kilomita mbili. Mtu wa kilo 70 akitaka kuimaliza nguvu ya chupa moja ya soda kwa kutembea, aende Kariakoo kwa miguu, kisha arudi karibu nusu ya njia. Chupa yenyewe aliimaliza kwa dakika tatu. Hapa ndipo wanapokosea wale wanaotaka kukimbia bila ya kubadilisha kinywa. Miguu ina faida kubwa, nasi tutaifikia. Lakini miguu haiwezi kulipa kila deni linalokopwa na mdomo.

Huenda mtu akasema, “Chai bila sukari hainyweki.” Sisi hatukusema ainywe hivyo kesho. Apunguze nusu kijiko wiki hii, na nusu nyingine wiki ijayo. Ulimi una desturi kama mguu ulivyo na desturi. Akifika kijiko kimoja baada ya mwezi, ile chai yake ya zamani akipewa ataiona kama shira. Na soda iwe kinywaji cha sikukuu kama ilivyokuwa zamani, iondoke katika orodha ya vitu vya kila wiki. Maji ya baridi yenye kipande cha ndimu yawekwe mezani kabla ya mtu kuuliza. Kinachokuwa karibu na mkono ndicho kinachonywewa.

Jiko na sinia

Baada ya sukari yaja mafuta. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta, yawe ya alizeti, ya nazi au ya zeituni, kina nguvu inayokaribia vijiko saba vya sukari. Tofauti ziko katika mambo mengine ya moyo na mishipa, lakini kwa uzito wa mwili mafuta yote ni ndugu. Mama mwenye kumimina kutoka dumu hajui ametia vijiko vingapi. Amimine katika kijiko kwanza, kisha katika sufuria. Desturi hiyo moja haigharimu kitu, wala mlaji hataijua.

Kisha atazame chakula cha kukaanga kimekuwa mara ngapi kwa wiki. Vitumbua, sambusa, bhajia, mihogo na viazi vya kukaanga ni vyakula vyetu, hatuvikani. Lakini vilikuwa vya nyakati maalumu, na leo vimekuwa vya kila asubuhi na kila magharibi. Mhogo wa kuchemsha, kiazi kitamu, samaki wa kuchoma, kunde na choroko ni vyakula vyetu vile vile, na ni vya zamani zaidi. Wali wa nazi waweza kupikwa kwa tui la pili, na tui la kwanza likahifadhiwa kwa ajili ya mboga kidogo. Ugali wa dona humshibisha mtu kwa muda mrefu kuliko ule wa sembe nyeupe.

Ama sinia, hilo ni jambo la kuliangalia kwa adabu. Kula pamoja ni baraka na ni mapenzi, wala hatutamshauri mtu aivunje desturi hiyo kwa ajili ya kilo. Walakini katika sinia hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Mkono hufuata mkono, na mazungumzo yakiwa matamu ndipo matonge huzidi. Dawa yake ni kubadilisha kilichomo siniani. Nyumba iliyokuwa ikipika vikombe vinne vya mchele ipike vitatu, na mahali pa kikombe cha nne pajazwe mchicha, matembele, bamia au kunde. Kachumbari na mboga zitangulie kuwekwa, wali ufuate. Mboga hizo zapatikana Kariakoo na Kisutu kila siku, na bei yake haizidi bei ya nyama iliyopunguzwa.

Hapa twataka kusema neno na akina baba. Mara nyingi mke ndiye hulaumiwa kwa unene wa nyumba, ilhali mume ndiye anayerudi saa nne za usiku na kifurushi cha chipsi na mishikaki, akawaamsha watoto wale naye kwa mapenzi. Mapenzi hayo na yabadilishwe wakati. Chakula cha usiku na kiliwe mapema, baina ya Magharibi na Isha inapowezekana, na jiko lifungwe baada yake. Baba akilifuata hilo, watoto watalifuata bila ya hotuba. Asipolifuata, hapana mke awezaye kulisimamisha peke yake. Na ikiwa daktari amemshauri mtu mmoja nyumbani apunguze mwili, isiwe yeye alishwe mchicha pembeni, huku wengine wakila biriani mbele ya macho yake. Hiyo ni adhabu, na adhabu haidumu. Nyumba nzima ile kama yeye. Kinachomfaa mgonjwa wa sukari chamfaa pia kijana wa miaka kumi na tano.

Ugumu wa karamu

Twajua kwamba nguvu zote hizi huvunjwika mahali pamoja, nako ni kwenye mkeka wa watu. Bibi amepika kwa mikono yake, akupakulia mara ya pili, nawe ukisema basi, uso wake hubadilika. Kwake chakula ni maneno. Kukikataa ni kama kukataa salamu. Hili si jambo dogo, wala hatukubaliani na wale wanaosema mtu aseme hapana bila ya kujali.

Njia ipo. Keti kwa furaha, pokea sahani ya kwanza, ule polepole, usifu mapishi kwa dhati, na uache tonge la mwisho lichelewe. Mwenye sahani tupu hupakuliwa. Mwenye sahani yenye chakula huachwa. Ukilazimishwa, omba ufungiwe ukale kesho. Bibi atafurahi zaidi. Na wenye nyumba nao wajifunze adabu mpya: mgeni akaribishwe mara moja kwa moyo, mara ya pili kwa hiari, na asiapishwe mara ya tatu. Mgeni aliyeambiwa na daktari ajizuie, akiapishwa, hutiwa baina ya siha yake na heshima yako, na si haki kumweka hapo. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hata wao hawakukusudia mtu ale bila ya kufanya kazi.

Na Ramadhani, mwezi wa kupunguza, kwa nyumba nyingi umekuwa mwezi wa kuongeza. Futari huwa na sambusa, kaimati, magimbi ya nazi, tambi za sukari na mtungi wa sharbati, vyote kwa saa moja, kisha daku kubwa na usingizi. Anayefungua kwa tende na maji, akaswali Magharibi, ndipo akakaa kula, ataona kwamba ile njaa kali imetulia njiani. Muda ule mfupi wa swala una hekima ya tumbo pia. Na Tarawehe ikifuatwa kwa miguu, mwezi utamtoa mtu mwepesi kwa mwili na kwa roho.

Miguu

Twafika kwenye kutembea. Wataalamu wanasema mtu mzima yamfaa dakika 150 kwa wiki za mwendo wa haraka, nazo ni dakika 30 kwa siku tano. Hazihitaji kupatikana kwa mkupuo mmoja. Mtu aliyeko karibu na Masjid Maamur aende kwa miguu Alfajiri na Isha. Aliyeko Kariakoo karibu na Msikiti wa Mtoro naye vivyo hivyo. Tumefundishwa kwamba hatua za kwenda msikitini zina thawabu; basi kwa nini tumwachie gari ile thawabu? Mkaazi wa ghorofa ya tatu apande ngazi, na lifti awaachie wazee na wenye mizigo. Anayekwenda Kariakoo kununua kitambaa au vyombo, atembee kwenda, na akitaka arudi kwa bajaji na mizigo yake.

Kwa akina mama na wasichana twajua ziko taabu za stara na za usalama, wala hatuzipuuzi. Waende wawili watatu, mapema baada ya Alfajiri kukiwa kumekucha, katika barabara zenye watu. Upande wa bahari, Barabara ya Barack Obama na Daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022 zina njia za waendao kwa miguu, na asubuhi huwa na watu wa kila rika. Buibui halimzuii mtu kutembea kwa haraka. Kinachomzuia ni kuona haya ya kuonekana anatembea, kana kwamba miguu ni alama ya umaskini. Haya hiyo na tuiweke kando.

Siku ina vigingi vitano

Mwaka 2009 wataalamu wa London walieleza walivyowafuata watu 96, kila mmoja akijizoeza jambo dogo la kula, kunywa au kutembea kwa wakati ule ule wa kila siku. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka jambo likafanyika lenyewe bila ya kujilazimisha. Kwa wepesi wao ilikuwa siku 18, na kwa wazito ilikadiriwa kupita siku 200. Na aliyekosa siku moja hakuharibu kazi yake, mradi alirudi kesho yake.

Yapo mafunzo mawili hapo. La kwanza ni kwamba mwezi mmoja hautoshi, basi asikate tamaa mtu ambaye mwezi wa kwanza umemwona anahangaika. La pili ni kwamba desturi hushika inapofungwa kwenye kigingi kisichong’oka. Muislamu anavyo vigingi vitano katika siku yake. Mwendo wa miguu ufungwe kwenye Alfajiri. Matunda yafungwe kwenye Alasiri, mahali pa maandazi. Kufunga jiko kufungwe kwenye Isha. Asiyejua saa yake ya mazoezi ni ipi, saa ya swala anaijua.

Na faida yake je? Marekani mwaka 2002 ilitangazwa khabari ya watu waliokuwa karibu kuingia katika kisukari. Waliojitahidi kupunguza asilimia 7 tu ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki, kisukari kipya kilipungua kwao kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge kilipungua kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na kidogo. Hatakuwa kama picha za magazetini, wala hakuna aliyemtaka awe hivyo. Atakuwa baba atakayewaona wajukuu wake akiwa na macho yake na miguu yake.

Vijana twawaonya juu ya chai na vidonge vya kupunguza mwili vinavyouzwa vichochoroni na katika simu. Dawa isiyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba usiitie kinywani, hata ikisifiwa na watu elfu. Nao wenye kutumia dawa za kisukari, wajawazito, wanaonyonyesha, na wagonjwa, wasibadilishe chakula wala kufunga bila ya kumwona daktari. Na mtu anayepungua bila ya kujitahidi, huyo naye aende hospitali haraka. Kupungua kwake si habari njema.

Mwezi huu basi kila nyumba na ichague mambo matatu, yasizidi. Sukari ya chai ipunguzwe nusu kijiko kila wiki. Jiko lifungwe kabla ya Isha. Na watu wa nyumba watembee pamoja nusu saa, siku tano za wiki. Anayetaka kupima, achukue kamba au futi ya cherehani, apime kiuno mwanzo wa mwezi na mwisho wake. Mwanamke aliyepita sentimita 80, na mwanamume aliyepita 94, au 90 akiwa ni wa asili ya Bara Hindi, huyo amekwisha kuonywa na mwili wake. Asipime kila siku, maana mizani ya kila siku huvunja moyo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuitunza amana aliyotupa, atupe siha njema ya kumwabudu na ya kuwatumikia watu wetu, na atuepushe na kupita kiasi katika kula na katika kujinyima. Amin.